Jicho la mwanangu linaingia ndani akichoka, tungoje akue?

Swali nimeletewa na mama mmoja wa Matondoni, kisiwa cha Amu (Lamu), nimelifupisha kidogo: "Assalam alaykum daktari. Nina binti wa miaka mitatu na miezi minne. Tangu baada ya Idi jicho lake la kushoto linaingia ndani, linaelekea puani, hasa jioni akichoka au akishika simu kuangalia katuni. Asubuhi akiamka liko sawa. Mavyaa wangu anasema ni kikengeza cha urembo, litarudi lenyewe akikua. Babake ni fundi wa majahazi, yeye anasema tungoje aanze skuli. Jirani naye ananiambia nisimpeleke wakampa miwani, ati miwani itamlemaza macho. Tena kuna mdogo wake wa wiki saba, macho yake saa zingine yanaenda huku na huku na la kulia lina tongotongo kila asubuhi. Wote wawili nawatia wanja tangu kuzaliwa. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam dadangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na ntakujibu kwa urefu, sababu haya yote uliyoyataja nayasikia kila mara, nikiwa Malindi nayasikia, nikija Amu nayasikia, na anayeumia ni mtoto ambaye hawezi kukwambia anaona nini. Jibu la haraka kwanza ndo usipoteze siku: usingoje. Huyu mkubwa aonwe macho wiki hii, ikishindikana ijayo, sio mwakani. Mdogo inaelekea yuko sawa lakini kuna mambo ya kumtazamia ntakwambia. Na wanja uache leo.

Sasa tukae tuzungumze.

Wengi wetu tunadhani mtoto anazaliwa anaona kama sisi, ni vile tu hajui kusema. Haiko hivo. Mtoto mchanga jicho lake ni kama milimita 17 kutoka mbele mpaka nyuma, la mtu mzima ni kama 24, na sehemu kubwa ya kukua huko inafanyika miaka miwili ya kwanza. Siku za mwanzo anaona ukungu ukungu, anachokiona vizuri kidogo ni kitu kilicho sentimita 20 mpaka 30 mbele yake, yaani ni kama kutoka titi mpaka uso wa mamake, Mola hakukosea kipimo. Ikifika wiki ya sita hivi mpaka ya nane anaanza kukukazia macho na kukuchekea. Miezi mitatu mpaka mitano ndo macho mawili yanaanza kufanya kazi pamoja, akaanza kujua kitu hiki kiko mbali hiki kiko karibu, akanyoosha mkono akakipata. Na hata pale katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, pale penye uoni mkali kabisa, panaendelea kukomaa mpaka mtoto yuko miaka minne hivi.

Lakini jicho linapokea mwanga tu. Kuona kwenyewe kunafanyika kisogoni, kwenye ubongo wa nyuma, na ule ubongo haukuzaliwa unajua kuona, unajifunza, kama vile mtoto anavojifunza kusema. Anajifunza kwa picha safi anazoletewa na macho yote mawili, kila siku, saa zote ambazo yuko macho. Jicho moja likawa linaleta picha mbovu, au linaangalia kwengine, ubongo unaacha kulisikiliza. Unalizima. Na ukilizima muda mrefu wakati mtoto bado mdogo, lile jicho linabaki zima kwa kulitazama, jeupe, zuri, halina kidonda, lakini halioni sawasawa hata ukilivalisha miwani ya aina gani. Hilo ndo tunaita jicho vivu, madaktari wanaita ambliopia. Katika kila watoto mia yuko mmoja mpaka wanne wana hali hio, kwa hio usidhani ni kitu cha ajabu kimekuja nyumbani kwako pekee.

Wanasayansi wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, miaka ya 1960 huko Marekani walichukua paka wachanga wakawafunga kope za jicho moja kwa wiki kadhaa, kisha wakafungua. Jicho lilikuwa zima kabisa. Ila paka hakuonea nalo, sababu ile sehemu ya ubongo iliyokuwa haki ya jicho lile ilikuwa ishachukuliwa na jicho la pili. Wakamfunga paka mkubwa vilevile, wakamfungua, hana neno. Tofauti ilikuwa umri tu. Kwa kazi hio wakapewa tuzo ya Nobel 1981, na mpaka leo sisi tunaotibu macho ya watoto tunatembelea juu ya kazi ile.

Mwambie babake hivi, yeye ataelewa upesi kuliko mtu yeyote: mkuku wa jahazi ukiwekwa umepinda, unaunyoosha siku ileile kabla ya mataruma, husemi wacha tumalize mbao zote, tupigilie misumari, tutie kalafati, tuweke na mlingoti, alafu tutaangalia mkuku. Uoni wa mtoto mkuku wake unawekwa miaka ya mwanzo. Mpaka kama miaka 7 au 8 ubongo bado ni mlaini, unafundishika vizuri. Baada ya hapo sio kwamba mlango unafungwa kabisa, kuna watoto wa miaka 10, 12, hata zaidi ya hapo ambao wamesaidika kiasi, lakini kazi inakuwa ngumu na faida inapungua, na kuna wanaokosa kabisa.

Nna kijana mmoja simsahau. Aliletwa ana miaka 11, anasoma chuo cha Kurani vizuri, skuli hana shida, mpira anacheza. Siku hio walikuwa wanacheza na wenziwe akafunikwa jicho la kulia kwa mkono, akapiga kelele kwamba haoni. Wenziwe wakadhani ni mchezo. Kumbe jicho la kushoto halikuwahi kuona vizuri tangu mdogo, na hakuna aliyejua, wala yeye mwenyewe, sababu alidhani kila mtu yuko hivo. Tulijaribu miezi mingi sana. Liliongezeka kidogo, basi. Babake aliniuliza kama angeletwa na miaka mitatu ingekuwaje, na mimi sikuweza kumdanganya.

Kwa hio hii hesabu ya "tungoje skuli" ndo inaniuma zaidi. Mtoto mwenye jicho moja zima anakimbia, anaokota kombe pwani, anatia uzi kwenye sindano, hutajua. Jicho zima linaficha aibu ya lile lingine.

Turudi kwa binti yako. Sijamuona, na jicho la mtoto halitibiwi kwa maandishi, lakini ulivoeleza, umri huo, kuingia ndani, kuja na kwenda, akichoka, akiangalia karibu, kwa kawaida inaelekea kwenye aina moja ya makengeza ambayo ni katika zile zinazotibika vizuri kabisa kama ikiwahiwa. Inavokuwa ni hivi. Watoto wengi wanazaliwa na uoni wa mbali kidogo, yaani jicho ni fupi, picha inataka kuangukia nyuma ya retina. Mtoto analirekebisha mwenyewe kwa kukaza lenzi iliyo ndani ya jicho. Wengi hio hali inapungua jicho likikua. Wengine inabaki kubwa, wanakaza kwa nguvu kutwa nzima. Sasa mwili wetu umefunga kamba mbili pamoja: ukikaza lenzi uone karibu, macho nayo yanavutwa ndani kuelekea puani. Jaribu wewe mwenyewe, angalia kidole chako kikija puani, macho yanaingia. Mtoto anayekaza kupita kiasi, kamba ya pili inavuta kupita kiasi, jicho moja linashindwa linaingia ndani. Ndo maana ni kwenye simu, ndo maana ni jioni. Kwa kawaida inaanza kuonekana mtoto akiwa na miaka miwili mitatu, pale anapoanza kupenda vitu vidogo vya karibu, picha, katuni, shanga.

Kwa hio simu haikumletea makengeza, nalisema hili kabla hujaanza kujilaumu. Simu imeyatoa nje tu. Hata hivo kwa umri wake Shirika la Afya Duniani linasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Jicho likiingia ndani, mtoto anaona vitu viwili viwili. Mtu mzima angelia. Mtoto ubongo wake unachagua picha moja na ile ya pili unaizima, na hapo ndo jicho vivu linapoanzia. Mwanzoni ni saa moja moja kama hivi ulivoeleza, halafu inakuwa nusu siku, halafu kutwa. Sasa hivi asubuhi macho yake bado yako sawa, maana yake bado yanafanya kazi pamoja, na huu ndo wakati wenyewe. Likishakaa ndani siku zote, kuyarudishia ule ushirika ni kazi nyingine kabisa.

Mavyaa wako mheshimu, na kuna kitu amekiona sawa ingawa hakukielezea. Kuna watoto wanaonekana wana makengeza na hawana. Pua ya mtoto juu inakuwa bapa na pana, ngozi ya pembeni inafunika weupe wa jicho upande wa ndani, ukimtazama unasema kengeza, pua ikiinuka linaondoka. Hao ndo "walipona wenyewe" wa zamani, na wazee waliwaona kwa macho yao, hawasemi uongo. Njia moja ya kutofautisha nyumbani: mkae kivulini, washa tochi ya simu mbali kidogo, sio ya kumpofusha, aangalie ile taa, wewe utazame kile kinukta cha mwanga kwenye mboni. Kikiwa mahali pamoja kwenye macho yote mawili, macho yamenyooka wakati huo. Kikiwa katikati kwenye la kulia na kwenye la kushoto kimesogea upande wa nje, hilo limeingia ndani kweli. Ya pili, akiwa anacheza mfunike jicho moja kwa kiganja, halafu lingine. Akikubali ufunike la kushoto lakini ukifunika la kulia anasukuma mkono, analia, anageuza kichwa, basi kushoto haoni vizuri. Haya ni ya kukupa picha tu. Hata ukiona yako sawa bado mpeleke, sababu makengeza yanayokuja na kwenda yanaweza kujificha ule wakati unaopima.

Na kuna sababu nyingine ya mimi kukwambia wiki hii. Mara chache sana, lakini ipo, makengeza ya mtoto mdogo ni dalili ya kitu ndani ya jicho. Saratani ya jicho la mtoto inaitwa retinoblastoma, inapata mtoto mmoja kati ya kama 15,000 mpaka 20,000 wanaozaliwa, karibu wote kabla ya miaka mitano, na dalili yake ya kwanza ni weupe ndani ya mboni, ya pili ni makengeza. Huo weupe mara nyingi unaonwa kwenye picha: wengine wote mboni zimetoka nyekundu au nyeusi, mtoto mboni moja imetoka nyeupe kama jicho la paka usiku. Fungua picha zake za Idi zile zilizopigwa na flashi uzitazame. Ukiona weupe kwenye mboni moja, hapo hatusemi wiki, ni kesho asubuhi. Picha moja tu inaweza kuwa ni pembe ya mwanga, lakini hio sio kazi yako wala yangu kukisia, ni kazi ya mtu aliyepanua mboni akaangalia ndani. Ikipatikana mapema mtoto anapona na mara nyingine hata jicho linabaki. Ikichelewa inaua. Binti yako vile lake linaingia na kutoka, sina wasiwasi mkubwa na hilo, ila kila mtoto mwenye makengeza lazima aangaliwe nyuma ya jicho, hakuna kuruka hapo.

Huko kliniki watafanya nini, nikwambie usiogope. Watamtia matone ya kupanua mboni na kuipumzisha ile lenzi. Yanawasha kidogo, atalia, yataisha. Akitoka hapo ataona mwanga mkali na vitu vya karibu ukungu, siku moja au siku kadhaa kutegemea dawa waliyotumia, kwa hio mbebee kofia, jua la forodhani halina huruma. Kisha watampima kwa kimwanga kidogo na lenzi, daktari anasoma mwenyewe jinsi mwanga unavorudi kutoka ndani ya jicho. Mtoto hahitaji kusoma herufi wala kujibu chochote. Nalirudia hili sababu wazazi wengi wanangoja mtoto ajue kusoma ndo apimwe, na wengine nimesikia wameambiwa hivo na watu waliotakiwa kujua zaidi. Mtoto wa miezi mitatu anapimika. Na mkikuta duka la miwani linataka kumpima mtoto wa miaka mitatu kwa ile mashine peke yake bila matone, msikubali, sababu mtoto anakaza lenzi pale pale na vipimo vinatoka vya uongo.

Sasa miwani na jirani yako. Miwani hailemazi jicho. Miwani kwa mtoto wako, kama vipimo vikitoka navodhani, ndo dawa yenyewe. Inamfanyia ile kazi ya kukaza, kwa hio kamba ya kwanza inalegea na ya pili nayo inalegea, jicho linarudi mahali pake. Wengine wanaivaa leo baada ya wiki chache macho yamenyooka, mama analia hapo hapo kwenye kiti. Kinachomfanya jirani aseme hivo ni kitu cha kweli alichokiona akakielewa vingine: mtoto akishazoea miwani, akiivua jicho linaingia kwa nguvu kuliko zamani, basi watu wanasema "ona, imemharibu". Ni kwamba sasa ashajua kuona vizuri ni nini, akivua anakaza zaidi ili apate uoni uleule.

Aivae kutwa, kutoka akiamka mpaka akilala. Kuvaa chuoni tu au mkienda harusini hakusaidii kitu. Wiki mbili za kwanza atavua, atatupa, wewe unarudisha bila ugomvi, tafuta ile yenye kamba ya nyuma ya kichwa na vioo vya plastiki visivyovunjika, na isiwe kubwa ya kukulia. Kama ni kumshonea kijimfuko kizuri cha kuwekea mshonee. Na tafadhali mkiwa nyumbani asiitwe macho manne, hata kwa mapenzi, watoto wanaacha miwani kwa neno moja la mjomba.

Miwani peke yake inaendelea kuboresha jicho vivu kwa miezi kama minne. Wakiona la kushoto bado liko nyuma, ndo wataanza kuziba jicho, na jicho linalozibwa ni lile ZIMA, la kulia. Wazazi wengi wanashtuka hapo. Tunalifunga linaloona ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile lililoachwa. Ni saa mbili kwa siku kwa jicho lililo dhaifu kiasi, mpaka saa sita kwa lililo dhaifu zaidi, utafiti mkubwa uliofanywa Marekani miaka ya 2000 ulionyesha hizo saa mbili kwa walio dhaifu kiasi zinatosha, hakuna haja ya kumtesa kutwa. Kiraka kinabandikwa kwenye ngozi, miwani juu yake, sio kitambaa cha kufunga ambacho atachungulia pembeni. Wakati kimebandikwa afanye kitu cha kukazia macho, apake rangi, achambue mchele na wewe, atunge shanga, asuke ukili na nyanya yake kama ashaanza kujifunza. Mtoto akikataa kabisa kiraka kuna njia ya pili, tone la atropini kwenye jicho zima, lile linaona ukungu kwa karibu na dhaifu linapata kazi, na matokeo yake yanakaribiana na kiraka. Ila hio dawa ni sumu ikinywewa, inakaa juu kabatini, na ukimuona amekuwa mwekundu uso, ana joto, mdomo umemkauka, acha na urudi hospitali.

Usianze kuziba mwenyewe kabla hajapimwa. Nimeona mama aliyesoma kidogo mtandaoni akaziba kutwa nzima kwa wiki nyingi bila mtu kumfuatilia, na jicho zima nalo likaanza kushuka. Ilirudi, alhamdulillahi, lakini ilitutisha wote.

Upasuaji ni wa mwisho, kama baada ya miwani bado kuna kengeza limebaki. Kila jicho lina misuli sita ya kulizungusha, wanachofanya ni kulegeza mmoja au kukaza mwingine. Jicho halitolewi likawekwa mezani, hii hadithi sijui nani alianza. Na upasuaji haumwondolei miwani, unanyoosha lile lililobaki tu.

Mdogo sasa. Wiki saba, macho yanaenda huku na huku saa zingine: mpaka miezi mitatu minne hio ni kawaida, bado anajifunza kuyaendesha pamoja. Ningekuwa na wasiwasi kama jicho moja liko pembeni wakati wote, halirudi kabisa, au kama akifika miezi minne bado yanatanga, au kama sasa hivi hakuangalii usoni kabisa wala hafuati uso wako ukisogea polepole. Vilevile mboni iwe nyeusi. Mboni yenye ukungu mweupe kwa mtoto mchanga inaweza kuwa mtoto wa jicho, na msidhani ni ugonjwa wa wazee, watoto wanazaliwa nao, mara nyingine mama alipata rubela akiwa na mimba. Huo ukiziba jicho moja unatakiwa utolewe karibu na wiki ya sita, macho mawili kabla ya wiki ya kumi hivi, kwa sababu ileile ya paka wa Hubel. Na mtoto ambaye macho yake ni makubwa kupita kawaida, watu wanamsifu "mashaallah macho makubwa", huku yanatoka machozi na anafinya akiona mwanga na kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kina ukungu, huyo huenda ana presha ya macho ya kuzaliwa na ni dharura. Nalisema hili kwa uchungu, sifa ile imepofusha watoto.

Tongotongo la jicho moja, jeupe jicho, halijavimba, halina wekundu, mara nyingi ni kile kijifereji cha machozi kinachoshukia puani hakijafunguka. Tisa kati ya kumi wanafunguka wenyewe kabla ya mwaka. Osha mikono, kata kucha, weka kidole pembeni ya pua pale kona ya ndani ya jicho, bonyeza kidogo huku unashuka chini, mara tano hivi kila ukimnyonyesha. Pangusa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja jicho moja. Maziwa ya titi ni ya kunywa, usimtie jichoni, wala asali, wala maji ya mwarobaini. Ingekuwa usaha mwingi na kope zimevimba, hasa ndani ya mwezi wa kwanza, ni kukimbia hospitali saa hio hio, kuna vidudu vinavyotoboa kioo cha jicho kwa siku chache.

Wanja. Mimi pia nilitiwa na mamangu, najua unatiwa kwa mapenzi na kwa kumkinga na kijicho, sina dharau na hilo. Lakini wanja wa manga mara nyingi unasagwa kutoka jiwe lenye madini ya risasi, hio metali ya betri za gari. Mtoto anajifuta jicho, anaweka mkono mdomoni, risasi inaingia mwilini, na inadhuru ubongo unaokua, hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Hata ule wa masizi wa kutengeneza nyumbani, kijiti kile kile kinapita macho ya nyumba nzima na kinapeleka uchafu kwa wote. Ukiona mavyaa atasikitika, mwambie daktari amesema, nibebe mimi lawama.

Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18 mdogo asikose, na vitamini A kuanzia miezi sita kila baada ya miezi sita mpaka miaka mitano, wanatoa bure kliniki. Surua ikimpata mtoto aliyepungukiwa vitamini A ndo ile inayoyeyusha kioo cha jicho. Mkubwa angalia kitabu chake kama alipata zote.

Anzieni hospitali ya King Fahd pale Amu, uliza kitengo cha macho, mwambie neno hili: "mtoto ana makengeza, nataka apimwe miwani kwa matone na aangaliwe nyuma ya jicho." Ukilisema hivo watajua unajua unachotaka. Wakikuelekezeni mbele kwa daktari wa macho ya watoto, Mombasa au Kwale, ama Kikuyu, msikatae, na msiseme mtaenda msimu ukitulia, safari ni moja ya boti mpaka Mokowe na basi. Beba kitabu chake cha kliniki, beba zile picha kwenye simu, jipigie na video fupi jioni jicho likiwa limeingia, sababu asubuhi huko hospitali litakuwa limenyooka na mtu ataona hakuna kitu. Uliza pia kama kwenu kuna mtu aliyevaa miwani mizito tangu mdogo au aliyekuwa na kengeza, watakuuliza. Na huyu mdogo mbebe siku hio hio, mshapanda boti.